Siku 90 za gazeti si sawa na siku 90 za kalenda

Mhariri wa Zamu

Wanajukwaa, salaam.

Kila mara Serikali ya Tanzania inapofungia chombo cha habari, mjadala wetu huishia kwenye swali moja: habari ile ilikuwa ya kweli au ya uongo? Naomba safari hii tuliweke kando swali hilo. Lina maana, lakini limetuficha jambo ambalo mimi, niliyekaa katika vyumba vya habari kwa miaka 14, naliona kuwa ndilo kiini cha tatizo. Jambo hilo ni muda. Anayefungia hufunga leo mchana kwa barua ya ukurasa mmoja; anayepinga huipata haki yake baada ya miaka; na gazeti ni bidhaa inayochacha kesho yake asubuhi.

Nianze na siku ninayoikumbuka kuliko zote. Gazeti letu, ambalo sitalitaja, lilikuwa la wiki na lilitoka kila Jumatano. Jumanne, yapata saa kumi alasiri, msanifu kurasa alikuwa amemaliza kurasa zote isipokuwa ya kwanza, kwa kuwa kichwa cha habari kubwa kilikuwa kirefu mno na hakikukaa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, tunatafuta neno fupi badala ya "uchunguzi", pale dada wa mapokezi alipoingia na bahasha ya kaki. Barua ilikuwa na aya nne. Ya mwisho ilitutaka tusichapishe gazeti, kwa karatasi wala mtandaoni, kwa siku 90 kuanzia tarehe ya barua. Msanifu hakuomba hata kuisoma. Aliniuliza tu, "Sasa hii niihifadhi au niifute?" Nilimwambia aihifadhi, na ukurasa ule ninao hadi leo, kichwa chake kikiwa bado kimezidi safu.

Siku 90 kwa gazeti la wiki ni matoleo 12 au 13. Kodi ya pango haikusimama kutusubiri. Wawakilishi wetu wa mikoani, ambao hulipwa kwa habari iliyochapishwa na si kwa mshahara, walikosa kipato tangu wiki ya kwanza, na wawili waliokuwa wazuri kuliko wote wakahamia redio za huko waliko. Kiwandani, zamu yetu ya usiku kwenye mtambo ikapewa mteja mwingine. Watangazaji wa biashara hawakutuandikia barua yoyote. Waliacha kupokea simu. Tuliporudi tulichapisha nusu ya nakala tulizozoea, na sehemu kubwa ya hizo ikarudi bila kuuzwa. Mwezi wa nane baada ya kifungo kuisha, mwenye gazeti akafunga ofisi. Kwenye kumbukumbu za Serikali gazeti lile halikufutwa kamwe: lilisimamishwa kwa muda, na adhabu yake ikaisha.

Sasa niitoe hoja kwenye mlango wangu niipeleke kwenye mambo ambayo kila mtu anaweza kuyahakiki.

Chini ya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, gazeti lilisajiliwa, na waziri alikuwa na uwezo wa kulifungia. Kwa uwezo huo MwanaHalisi lilifungiwa Julai 2012 bila kutajiwa mwisho, na halikurudi hadi Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi mwaka 2015. Kwa uwezo huo huo Mwananchi lilifungiwa siku 14 na Mtanzania siku 90 mwezi Septemba 2013. Tuliilalamikia sheria ile kwa miongo minne. Mwaka 2016 ikaja Sheria ya Huduma za Habari, na kwa kanuni zake za mwaka 2017 usajili ukageuka kuwa leseni inayohuishwa kila mwaka. Wengi waliliona hilo kuwa suala la makaratasi na ada. Kwangu mimi ndilo badiliko kubwa kuliko yote, kwa sababu gazeti lililosajiliwa ni lazima litafutiwe kosa ili lifungiwe, ilhali gazeti lenye leseni ya miezi 12 linaweza kufa kwa mtu kukaa kimya. Ombi liko mezani, linashughulikiwa, njooni wiki ijayo.

Mwaka ule wa 2017 barua zilifuatana kama magari ya foleni: Mawio miezi 24 mwezi Juni, MwanaHalisi miezi 24 na Raia Mwema siku 90 mwezi Septemba, Tanzania Daima siku 90 mwezi Oktoba. Januari 2018 vituo vitano vya televisheni vikatozwa faini ya jumla ya shilingi milioni 60, kosa likiwa kutangaza tathmini ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu uchaguzi mdogo wa madiwani. Februari 2019 The Citizen likafungiwa siku saba kwa habari iliyohusu kushuka kwa thamani ya shilingi, jambo ambalo mtu yeyote angeliona kwenye ubao wa duka la kubadilishia fedha.

Lakini kesi inayoonyesha hoja yangu bila chenga ni ya Mseto. Gazeti hilo lilifungiwa Agosti 2016 kwa miaka mitatu, baada ya habari iliyomgusa naibu waziri. Wenyewe wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Juni 2018 mahakama ikaamua kwamba kifungo kile kilikiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na ikaagiza kiondolewe. Ushindi kamili, ungesema. Gazeti liliruhusiwa kurudi Februari 2022, yaani zaidi ya miaka mitano baada ya kufungiwa na zaidi ya miaka mitatu baada ya kushinda. Kumbukeni kwamba kifungo chenyewe kilikuwa cha miaka mitatu. Aliyeshinda kesi alikaa nje muda mrefu kuliko ambavyo angekaa kama asingeshitaki.

Na hapa kuna jambo ambalo hadi leo sijui nilichekee au nililie. Waziri aliyelifungia Mseto mwaka 2016 ni Nape Nnauye. Ndiye pia aliyeusimamia muswada wa Sheria ya Huduma za Habari bungeni Novemba ya mwaka huo. Machi 2017, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule alipoingia usiku na askari wenye silaha katika studio za kituo cha utangazaji cha Clouds, Nape aliunda kamati, akapokea ripoti yake, na kesho yake akaondolewa uwaziri. Alipotaka kuzungumza na waandishi, mtu aliyevaa kiraia akamtolea bastola mbele ya kamera. Januari 2022 akarudi kwenye wizara ya habari, na Februari 10 akatangaza kuyafungulia Mseto, Mawio, MwanaHalisi na Tanzania Daima. Mkono uliofunga ndio uliofungua. Simlaumu hapa wala simsifu. Ninachosema ni kwamba mkono ukiweza kufungua kwa tangazo, bila mahakama wala kifungu kubadilika, basi kilichorudishwa siku ile kilikuwa hisani, na hisani haina tarehe ya kudumu.

Machi 2019 mahakama ile ile ya Arusha, katika shauri lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania pamoja na mashirika mengine mawili, iliamua kwamba vifungu vingi vya sheria ya 2016 vinakiuka Mkataba, vikiwemo vya 58 na 59 vinavyohusu uwezo wa kuzuia machapisho, vya 52 na 53 vya uchochezi, na vya 19 hadi 21 vya ithibati, yaani kibali cha mtu kufanya kazi ya uandishi. Marekebisho yalikuja Juni 2023. Yalipunguza baadhi ya adhabu, na hilo lastahili kusemwa, lakini leseni ya kila mwaka ilibaki. Bodi ya Ithibati, ambayo vifungu vyake mahakama ilikwisha kuvitia dosari, ilizinduliwa mwaka 2025, na mwandishi asiye na stashahada sasa hana kitambulisho. Wale wawakilishi wangu wa wilayani, waliojifunza kazi kwa kupanda baiskeli kwenda kwenye vikao vya halmashauri, wengi wao stashahada hawana.

Mtandaoni saa inakwenda kasi zaidi. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka hata mwenye blogu alipe shilingi 100,000 ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja nyingine ya kila mwaka, na asiyefanya hivyo akabiliwe na faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miezi 12. Baadaye ada zikashushwa, ila leseni haikuondoka. Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisitisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi kutokana na katuni ya video iliyogusa watu waliopotea. Mei 2025 mtandao wa X ukazuiwa. Septemba 2025, wiki chache kabla ya Uchaguzi Mkuu, jukwaa la mijadala la JamiiForums likasimamishwa kwa siku 90. Hesabuni siku 90 kuanzia mwanzoni mwa Septemba mwone zinapita juu ya tarehe gani. Oktoba 29 siku yenyewe ya kupiga kura, intaneti ikazimwa nchi nzima, kwa hiyo hata wenye leseni safi wakawa sawa na sisi tusio nayo.

Kuna muda wa namna nyingine pia. Mwandishi Erick Kabendera alikamatwa mwishoni mwa Julai 2019. Kwanza tukaambiwa ni suala la uraia, kisha akafunguliwa mashitaka yenye utakatishaji fedha, kosa lisilo na dhamana. Alikaa mahabusu miezi saba, kesi ikiahirishwa kwa maelezo kwamba upelelezi haujakamilika, na mama yake alipofariki dunia hakuruhusiwa kwenda kumzika. Azory Gwanda, mwandishi aliyeandika kuhusu mauaji ya wilayani Kibiti, ametoweka tangu Novemba 21, 2017. Siku zake sijui tuzihesabu kwa kalenda gani.

Nimalizie na lile lisiloonekana. Baada ya kurudi kwetu kutoka kifungoni hakuna aliyetuamuru tuandike nini. Tulijiamuru. "Wizi" ukawa "upotevu". Wiki zilizofuata "upotevu" ukawa "dosari". Siku moja nilijikuta nimeandika kwa mkono wangu "changamoto za kiutendaji" juu ya habari ya dawa zilizoibwa katika bohari, na msanifu wangu, kijana yule yule, akasema kwa furaha kwamba kwa mara ya kwanza kichwa kimekaa vizuri kwenye safu.

Mtumishi Mstaafu

Ndugu Mhariri, umeandika kwa utulivu, nami nitakujibu hivyo hivyo. Nilifanya kazi serikalini hadi nilipostaafu, na nimewahi kuyaona mafaili ya aina hii kutoka upande wa pili wa meza. Hoja yako ya muda ni ya kweli, ila umeikata nusu. Mtu aliyechafuliwa na gazeti naye ana muda. Nilikuwa na mwenzangu aliyeandikwa ukurasa wa mbele kuwa amekula fedha za mradi ambao hata hakuwahi kuufanyia kazi. Alikwenda mahakamani. Kesi ya kashfa ilichukua miaka, na wakati huo wote watoto wake walikuwa wanaulizwa shuleni. Gazeti liliomba radhi ukurasa wa ndani, chini, karibu na matangazo ya viwanja. Je, kwake haki ilikuja kwa wakati?

Pili, tusisahau jirani zetu. Rwanda ya 1994 ilikuwa na redio iliyotaja majina ya watu na mahali walipojificha. Kama kungekuwa na waziri mwenye ujasiri wa kuandika barua ya ukurasa mmoja, mngemlaumu?

Mhariri wa Zamu

Mzee wangu, shikamoo. La kwanza nalikubali bila kujitetea. Vyumba vyetu vya habari vimewahi kuwaumiza watu wasio na hatia, na ile tabia ya kuficha radhi karibu na matangazo ya viwanja naijua kwa kuwa nimeifanya. Ndiyo maana sisemi kusiwe na wa kutuhukumu. Baraza la Habari, lililoanzishwa na wadau wenyewe mwaka 1995, lina Kamati ya Maadili inayosikiliza mlalamikaji na mhariri wakiwa wamekaa meza moja, bila gharama za mawakili. Mwenzako angeweza kupata radhi ya ukurasa wa mbele ndani ya muda ambao bado ungekuwa na maana kwake. Barua ya kufungia gazeti isingemsaidia kitu: gazeti lililofungiwa haliwezi kumwomba radhi mtu yeyote.

Kuhusu Rwanda, mfano huo hutolewa kila mara, nami huulizwa huo kila ninapofungua mdomo. Redio hiyo, RTLM, ilianza kurusha matangazo mwaka 1993 ikiwa mikononi mwa watu wa karibu kabisa na watawala. Waziri wa kuandika barua hakukosekana kwa upungufu wa sheria. Redio ile ilikuwa yao. Mamlaka yanayokaa kwenye ofisi moja humlinda kwanza mwenye ofisi.

Mwana wa Kisauni

Ndugu zangu wa ng'ambo ya mpaka wa Lungalunga, niongeze la kwetu Kenya, maana linashabihiana na hoja ya muda moja kwa moja.

Januari 30, 2018, Raila Odinga alipojiapisha pale Uhuru Park, serikali ilizima mitambo ya televisheni za Citizen, NTV na KTN. Siku mbili baadaye Mahakama Kuu ikaamuru zirejeshwe. Serikali ilijifanya haikusikia, na ikachukua takriban wiki moja kabla ya baadhi yao kurudi hewani. Tuliona hiyo ni aibu kubwa. Juni 25, 2025, wakati wa maandamano ya kuwakumbuka waliouawa mwaka uliotangulia, Mamlaka yetu ya Mawasiliano ikaagiza vituo viache kurusha maandamano mubashara, na mitambo ya NTV, KTN na K24 ikazimwa. Safari hii agizo la mahakama la kulisimamisha lilipatikana ndani ya siku moja, na runinga zikarudi.

Msidhani najigamba. Waandishi wetu hupigwa risasi za mpira na virungu, na matangazo ya serikali hutumika kuwanyima chakula magazeti yasiyoimba wimbo wake. Lakini tuna Ibara ya 34 ya Katiba ya 2010, inayoikataza serikali kuingilia vyombo vya habari na kutaka leseni za utangazaji zitolewe na chombo kisicho chini ya serikali, wala biashara, wala siasa. Wakili akiingia mahakamani saa nane mchana na ibara hiyo mkononi, hakimu hana haja ya kusoma vitabu mwezi mzima. Ninyi mna Ibara ya 18. Nimeisoma. Inazungumza juu ya mtu na maoni yake. Juu ya gazeti na leseni yake haisemi.

Jirani wa Rohero

Nawasoma kutoka Bujumbura, kwa hiyo mnisamehe Kiswahili changu. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, redio zetu zilichomwa na kuvunjwa: RPA, Bonesha, Isanganiro, na televisheni ya Renaissance. Hayo yalitokea tarehe 13 na 14. Tarehe 15 Mei, Mahakama ya Afrika Mashariki huko Arusha ikasoma hukumu katika kesi ya Umoja wa Waandishi wa Burundi, ikisema sheria yetu ya habari ya 2013 ilikuwa na vifungu vinavyokiuka Mkataba, kikiwemo cha kulazimisha waandishi wataje vyanzo vyao. Hukumu nzuri. Ilitukuta tunasikiliza redio ya taifa, kwa kuwa nyingine zilikuwa majivu. Bonesha iliruhusiwa kurudi mwaka 2021.

Meza ya Magazeti

Mimi si mwandishi. Nauza magazeti karibu na kituo cha daladala, na nimesoma uzi huu tangu mwanzo kwa kuwa gazeti la Mhariri nadhani nalijua, ingawa nami sitalitaja.

Watu huwa hawajui kwamba mezani kila gazeti lina mahali pake. Wateja wengi hawanunui. Wanasimama, wanasoma vichwa vya ukurasa wa mbele, wanabishana kidogo, wanapanda gari. Wanaonunua la wiki ni wachache, nao huja siku yao bila kukosa. Alikuwepo mzee mmoja mwalimu, alikuja kila Jumatano kabla ya saa moja asubuhi na hela kamili mkononi. Wiki ya kwanza baada ya kufungiwa aliuliza, nikamweleza. Wiki ya pili aliuliza tena kana kwamba hakunisikia. Ya tatu na ya nne aliuliza huku akiwa amekwisha kuchukua la michezo. Nafasi ya gazeti lile niliiacha wazi, nikaweka jiwe tu ili upepo usipeperushe yaliyo jirani.

Wiki ya saba mwalimu alichukua la michezo, akalipa, akaondoka bila kuuliza. Jumatano iliyofuata nikaondoa jiwe, nikaweka pale vocha na chaja za simu.